Aliyechonga Swara wa Mnarani

Wamunyu, Machakos
11 Aprili 1988

Kwa Bi Kadii,
Duka la tatu kutoka gatini,
Mnarani, Kilifi

Salamu zangu zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Hunijui, ingawa tumeonana. Mimi ni yule mama mwenye kitambaa cha kijani cha kwaya aliyesimama dukani kwako Alhamisi kabla ya Pasaka, akamshika swara wa mti kwa muda mrefu mpaka ukamuuliza kama ananunua au anambembeleza alale. Nilicheka, lakini sikumweka chini.

Tulikuwa kwenye basi la kanisa, watu hamsini na wawili, tukienda mkutano wa Pasaka Malindi. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Tangu Mombasa tulikuwa tukiimba, mpaka tulipofika kwenye feri yenu tukakuta foleni ya magari imepanda mteremko wote. Dereva akasema tushuke tunyooshe miguu. Ndipo tukateremka kwenye vile vibanda vyenu vya makuti vilivyojipanga juu ya maji, vya vikapu na kanga na makombe ya baharini na vinyago. Wazungu wa mabasi madogo ya hoteli walikuwa wengi, na wauzaji waliwakimbilia wao. Sisi wa kwaya hakuna aliyetukimbilia, na hiyo ilinipa nafasi ya kutazama nitakavyo.

Lazima nikwambie kazi yangu ndipo unielewe. Hapa Wamunyu wanaume huchonga, na sisi wanawake hupiga msasa. Nimevipiga msasa vinyago vya mume wangu kwa miaka thelathini, na vya mwanangu kwa miaka sita. Mkono wa mchongaji naujua kuliko sura yake. Yule swara wako, alivyoipeleka shingo nyuma na kulaza sikio moja, na miguu ya nyuma akaibana pamoja, kana kwamba anataka kuruka na hajaamua, ni kazi ya mwanangu. Wengine wote huitenga ile miguu ili kinyago kisimame imara, naye alikuwa akibishana nao juu ya jambo hilo mpaka wanamchoka. Tena nilimnusa. Ule muhugu ulikuwa bado una harufu yake. Ni mti uliokatwa mwaka huu.

Nilikuuliza nani amechonga. Ulinijibu, "Vyatoka Mombasa, mama," ukamgeukia Mzungu. Basi likapiga honi. Tuliporudi Jumatatu vibanda vilikuwa vimefungwa, na dereva hakutaka kusimama hata nilipomwambia nimeshikwa na tumbo. Bahati nilikuwa nimelinakili jina lako na sanduku lako la posta kutoka kwenye kibao, nyuma ya kitabu changu cha nyimbo.

Mwanangu aliondoka nyumbani mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini. Baba yake ndiye aliyemwondoa. Mtoto hutumia mkono wa kushoto. Bandani wachongaji hukaa safu moja, bega kwa bega, na mwenye kushika tezo kwa mkono wa kushoto ni hatari kwa jirani yake. Siku moja alimkata mtu gotini. Baba yake akamfunga ule mkono kwa kamba ya katani, mwezi mzima, kijana mwenye ndevu mbele ya wenzake. Asubuhi moja tuliikuta kamba mlangoni. Tangu hapo hatujapata barua wala salamu.

Jina lake sikutajii, utanisamehe. Nimekwisha kudanganywa na watu wawili waliotaka kunifurahisha. Ninachotaka ni uniambie kama yu hai. Baba yake macho yamekwisha na mwili nao unakwenda. Hasemi neno, lakini gari likisimama barabarani hugeuza kichwa.

Ni mimi,
Mwikali wa Nthiwa


Mnarani, Kilifi
3 Mei 1988

Kwa Mama Mwikali,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Uniwie radhi kwa lile neno la kumbembeleza swara. Sisi wa dukani ulimi hututangulia.

Mama, Mulei yupo. Aliyemchonga swara yule ni yeye. Huku wanunuzi hawaulizi habari za mchongaji, huuliza bei, nami nimezoea kujibu "Mombasa" kwa kuwa ndilo jibu linalomaliza maneno. Yeye haketi hapa gatini. Yuko mbali, upande wa Magarini kunakopatikana miti, na huja kwa nadra kuleta kazi. Mimi ni muuzaji wake tu. Mambo ya kwao hapendi kuulizwa, nami simuulizi.

Nitakapomwona nitamfikishia salamu zako zote. Ama safari ya kuja huku, kwa sasa sikushauri. Masika yameharibu njia, na feri nayo ina siku inakwenda na ina siku imelala. Juu ya hayo watu wasema huku kwetu wanapima mahali pa kujenga daraja, na siku hiyo ikifika magari hayatasimama tena hapa, na sisi wa vibanda sijui tutamuuzia nani. Kwa hivyo hata anwani hii usiitegemee sana.

Umpe pole mzee kwa ugonjwa wa macho.

Wako mtiifu,
Kadii Thoya


Wamunyu
24 Mei 1988

Binti yangu Kadii,

Marahaba. Mulei. Umeliandika jina lake, na mimi sikukutajia. Niliposoma neno hilo nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi kulitazama kama bado lipo, nikatoka tena. Jirani aliniuliza kama nyuki wameingia ndani. Nimefurahi, binti yangu, sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Kwa miaka tisa nilikuwa nikimwombea bila kujua nimwombee kama walio hai au kama waliokufa.

Nilimsomea Nthiwa barua yako yote. Kila karatasi inayoingia humu ndani mimi ndiye macho yake. Chai yake aliiacha ikapoa. Kisha akauliza, "Bado anachonga?" Nikasema anachonga. Akauliza, "Vizuri kiasi gani?" Hapo ilibidi nikiri kwamba nilimshika yule swara mara moja tu, tena honi ilinikatisha.

Kwa hivyo nina ombi, na likikushinda nitaelewa. Mwambie Mulei achonge swara mmoja, sasa hivi, kwa mkono wake, umtume huku. Usimwambie ni wa baba yake, anaweza kukataa. Mwambie ni wa mteja. Mzee haoni, lakini vidole vyake vinaona vizuri kuliko macho yangu. Akimshika swara huyo atajua mwanawe amekuwa mtu wa namna gani, na pengine kinywa chake kitafunguka. Ana jambo amelifunga moyoni miaka yote hii, nami nalijua, lakini nataka alitoe mwenyewe.

Unasema wewe ni muuzaji wake tu. Binti yangu, mimi nimezeeka. Muuzaji hasomi barua mara mbili. Kama kuna zaidi ya hapo, sina ugomvi nawe, na nikija huko usinifiche.

Mwikali


Mnarani
30 Juni 1988

Mama,

Shikamoo, na kwa mzee pia shikamoo.

Swara ndiye huyu. Nimemfunga kwa gunia na kumkabidhi dereva wa basi la Machakos, mtu ninayemwamini. Amechongwa hapa barazani kwangu kwa siku nne.

Ili uwe na yakini kwamba namjua ninayemsema, nakuandikia haya. Anapochonga hubana ulimi kwenye pembe ya mdomo. Akikosea hucheka peke yake. Hula embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka machozi yamtoke, kisha husema halina pilipili. Hulala kwa ubavu, redio ikiwa chini ya mto, na ukiizima huamka. Anapenda kukaa penye nafasi, asiwe na mtu karibu upande wa kushoto.

Ulivyoniambia kuhusu mimi na yeye hukukosea. Zaidi ya hapo, Mama, tafadhali usinitake niseme. Mkimpokea huyu swara, mridhike naye.

Kadii


Wamunyu
20 Julai 1988

Binti yangu Kadii,

Swara amefika salama, hata sikio halikukwaruzika. Nilimweka mikononi mwa Nthiwa asubuhi, akiwa ameketi kwenye jua kando ya ukuta. Alianza shingoni. Akashuka mgongoni, akaenda miguuni, na alipoikuta imebanwa pamoja akacheka kwa pua. Nikadhani kazi imekwisha, nikageuka kuchochea moto. Aliponiita, sauti yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amemgeuza swara chali, kidole gumba kikiwa chini ya tumbo, pale ambapo msasa hauingii na alama za patasi hubaki. Akasema, "Huu ni mkono wa kulia."

Nikashika mwenyewe. Ni kweli. Kila mkato umeingia kutoka upande wa kulia. Kazi za Mulei zilikwenda kinyume na za wote, ndiyo maana kumpigia msasa kulinichosha. Ilinibidi nigeuze kinyago na kukishika kichwa chini.

Nimeishi na mume huyu miaka thelathini na minne na sijawahi kumwona akitoa machozi. Siku hiyo alilia swara akiwa mapajani mwake. Alisema, "Basi nilimshinda. Mtoto amekwenda mpaka baharini, na huko, bila mtu wa kumtazama, ameuacha mkono wake kwa ajili yangu." Wewe utafikiri hilo lingempendeza, maana ndilo alilolipigania. Lakini ameanguka nalo kabisa. Chakula hataki. Kila nikikaa karibu naye ananituma kwako na maneno haya, nami nimeyaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie achonge kwa mkono aliozaliwa nao. Mkosa ni mimi. Mwambie baba yake amesema hivyo mbele ya mama yake."

Ndilo lile jambo nililokwambia amelifunga. Limetoka, na nakushukuru wewe na swara wako.

Mimi nafsi yangu nina wasiwasi kidogo, sikufichi. Yule mtoto hata alipokuwa na kamba mkononi alishika kijiko kwa vidole viwili vilivyochomoza. Sikumwona kamwe akikubali. Lakini miaka tisa ni mingi, na huenda maisha ya ugenini yamemfundisha alichokataa kufundishwa nyumbani.

Tukimaliza kuvuna mbaazi tunakuja, mimi na Nthiwa. Nimemwambia safari itamchosha, akaniuliza kama kukaa hapa kunampumzisha. Anataka kumwambia Mulei maneno yale yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Mwombe Mulei atungoje hapo gatini, au utuelekeze njia ya Magarini.

Mwikali


Mnarani
4 Agosti 1988

Mama yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia ukishaisoma barua hii. Kama umekwisha kuketi na mzee ili umsomee, tafadhali simama hapa, uende ukasome peke yako kwanza.

Msije kwa ajili ya kumwona Mulei. Mulei hayupo Magarini wala hajapata kukaa huko. Mulei alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 1985. Homa ilimshika Jumatano. Hospitalini walifanya waliyoweza, na siku ya nne alfajiri akanifia mikononi.

Mimi ni mkewe. Tulikaa pamoja miaka minne, ijapokuwa mahari haikutolewa kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtuma kwa baba yangu. Hatukujaliwa mtoto. Alipofariki wazee wa kwetu waliuliza wa kwao ni akina nani. Nikasema Ukambani. Wakauliza Ukambani wapi, sikujua, kwa maana hakuwahi kuniambia, na kila nilipomuuliza alijibu kwamba ni mbali na hakuna kitu cha kuona. Baba yangu, Mzee Thoya, akatoa mahali kwetu Mavueni, kando ya mikorosho. Akazikwa kama mgeni aliyefia njiani. Hapana mtu wa damu yake aliyemtupia udongo. Hilo limenikosesha raha tangu siku ile.

Swara ni mimi ninayewachonga. Yule uliyemshika Pasaka ni wangu, na huyu aliyeko kwenu ni wangu. Mulei aliacha magogo kumi na moja aliyokwisha kuyatia umbo tu. Nilianza kwa kuyapiga msasa, maana ndiyo kazi niliyokuwa nikimfanyia. Halafu nikamalizia sikio moja lililobaki. Halafu shingo. Yalipokwisha yote kumi na moja nikatwaa gogo jipya, kwa kuwa sikuweza kustahimili kwamba kazi yake imekoma. Nilikuwa nimemjua kwa kumtazama. Nilikuwa nikiketi mbele yake, uso kwa uso. Mkono wake wa kushoto ulikuwa upande wa kulia kwangu, na nilipojaribu, nikaufuata kwa mkono wangu wa kulia. Wanunuzi hawakuona tofauti, na wewe mwenyewe, Mama, ulipomshika siku ile ulimwona mwanao. Sikujua kwamba chini ya tumbo pana ushahidi.

Hapa gatini hapana ajuaye. Mwanamke kushika tezo wangenicheka, na swara wangu wangerudi mikononi mwangu. Ndiyo sababu ya ile "Mombasa" yangu.

Utauliza kwa nini nilikudanganya. Kwanza niliogopa. Mwaka jana wote tulisikiliza redioni watu wakigombea maiti mahakamani, huyu asema ni mume wangu, wale wasema ni wa ukoo wetu, na maiti yenyewe iko barafuni miezi. Niliposoma kwamba ana wazazi, nilichoona ni watu wanakuja na majembe Mavueni. Mimi sina cheti wala mtoto wala mahari. Nina kaburi tu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili naona haya kuisema. Barua yako ilimfufua. Nilipoandika kwamba yuko Magarini na huja kwa nadra, nilijikuta jioni ile nikitazama barabara. Kwa miezi mitatu nilikuwa na mume aliyesafiri. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa.

Nisingekoma, Mama, kama si lile neno la mzee. Nilipolisoma niliona kwamba sasa namuua mtu mzima kwa uongo wangu. Mwambie hakumshinda. Mulei hakubadili mkono. Mpaka siku aliyolala hakushika patasi wala kijiko wala kikombe kwa mkono wa kulia, na wenye vibanda wote walimwita Shoto.

Na kuna la pili, ambalo ningeweza kulipamba, lakini nimechoka kupamba. Mzee angependa kusikia kwamba alisamehewa. Mimi sikuona hivyo. Nilimuuliza habari za baba yake mara moja tu. Alisema, "Mimi sina baba," akaendelea kuchonga. Katika homa aliita "mwaitu, mwaitu," usiku kucha. Sikulijua neno hilo mpaka Mwalimu Kalama, aliyewahi kufundisha Kitui, aliponifasiria kwamba anamwita mama yake. Baba yake hakumwita.

Mkitaka kumchukua, nitawaonyesha mahali, wala sitashindana nanyi.

Kadii


Wamunyu
26 Agosti 1988

Mke wa mwanangu,

Marahaba. Nimeiitikia, ingawa siku ya kwanza nisingeiitikia.

Siku tatu nilikuwa na hasira nawe ambayo sitaki kuiandika yote. Mulei nilikuwa nimempoteza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, nikaanza kuzoea. Wewe ulinirudishia mwezi wa tano, nikamkaribisha kwa furaha yote niliyokuwa nimeiweka, na mwezi wa nane ukamchukua kwa mara moja. Hilo halikuwa haki. Siku ya nne nilikukumbuka ukitazama barabara, na hasira ikapungua. Mimi pia nilikuwa nikitazama barabara miezi hiyo hiyo. Tulikuwa wawili tunaomngoja mtu mmoja.

Nilifanya kama ulivyosema, nikasoma peke yangu kwanza, nyuma ya ghala. Kisha nikapanga nitakayomsomea Nthiwa. Kifo sikuweza kukificha, maana sauti ingenisaliti. Lakini lile la mwisho niliamua kulibadili. Niliamua kusema kwamba Mulei alimsamehe baba yake kabla hajafa, na kwamba katika homa alimwita. Ni nani angenikamata? Karatasi ninaiona mimi peke yangu.

Basi niliketi karibu naye, nikasoma. Nilisoma habari za homa, na Mavueni, na magogo kumi na moja. Nilisoma kwamba hakubadili mkono, naye akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nilijua. Hapana, sikujua. Ilinipasa nijue." Uso wake ulikuwa mtulivu, hauamini wala haukatai. Nikafika pale. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, kana kwamba nasoma, "Alisema amemsamehe baba yake, na usiku ule alikuwa akimwita."

Nthiwa aliinua mkono. Alisema, "Huyo si Mulei. Soma kilichoandikwa."

Akangoja. Alikuwa tayari kungoja mpaka jua lizame, namjua. Nikasoma ulivyoandika. Nilisoma, "Mimi sina baba," na kwamba aliendelea kuchonga.

Nthiwa akasema, "Ndiye huyo." Kisha akasema, "Sasa naamini amekufa."

Hapo ndipo tulipolia, Kadii, mimi na yeye, kama watu waliopata habari siku hiyo hiyo, na majirani wakaja wakatukuta. Jioni aliniomba nimnyoe, kama tunavyofanya mtu wa nyumbani akifa. Nilimnyoa. Halafu nikamwita dada yangu Jedida akaninyoa mimi. Kanisani watasema mama wa kwaya ameyarudia mambo ya zamani, na waseme.

Hatuji kumchukua. Ulimtunza akiwa hai na ulimlaza vizuri alipokufa, na huko aliko alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Mwambie baba yako Mzee Thoya kwamba wa kwao wapo, na kwamba Nthiwa anakuja kuzungumza naye habari ya mahari. Wewe ni mke wa nyumba hii, na Mulei hakuwa mgeni. Hilo tutalitengeneza kwanza, ndipo tuende kaburini tukamtupie udongo wetu, mzee na mimi, kila mmoja kwa mkono wake.

Tutafika Jumamosi tarehe 17 Septemba, kwa basi la asubuhi kutoka Mombasa. Usituchinjie kitu. Tutashuka upande wako, kabla ya feri. Najua gatini huwa kuna watu wengi, lakini hutapata shida kututambua. Ni wazee wawili wameshikana mikono, na wote wawili tumenyoa.

Mimi mama yako,
Mwikali